Theluji ya Kilimanjaro ilipopewa kadi ya chama

Wadau, kuna ubishi mmoja ambao kila ukizuka huko nje unautaja mlima wetu, na sisi wenye mlima tumekaa pembeni kama wageni waalikwa. Ni ubishi juu ya theluji ya Kilimanjaro: nani anaila, ni joto la dunia au ni kitu kingine? Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, ukimweleza Mmarekani unachofikiri kuhusu ile theluji, anadhani ameshajua unapigia kura chama gani. Hilo ndilo linalonikera. Swali la kisayansi limegeuzwa kadi ya chama.

Niseme mapema nimesimama wapi ili tusipotezeane muda. Dunia inaongezeka joto, na sababu kubwa ni sisi binadamu kwa kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu. Miongoni mwa wanaolisomea jambo hili, hapo hapana ubishi wa maana tena. Kama umekuja hapa kutafuta mtu wa kukuunga mkono kwamba yote ni uongo wa wazungu, umepotea njia. Lakini kukubali hilo hakunilazimishi kumeza kila picha inayoletwa kama ushahidi wake. Na katika picha zote zilizowahi kuletwa, mojawapo ya zile maarufu kabisa ni ya kwetu.

Kwanza historia kidogo, maana Kilimanjaro na ubishi ni marafiki wa zamani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akaenda bara mpaka akauona mlima wenye kofia nyeupe. Kiongozi wake wa safari akamwambia ile nyeupe ni "baridi" tu. Rebmann akaandika habari hizo, zikafika London, na huko akakutana na msomi mmoja aitwaye William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili lakini alikuwa na ramani yake kichwani. Cooley akasema theluji karibu na ikweta haiwezekani, Rebmann ameota. Ilibidi aje Baron von der Decken mwaka 1861 na tena 1862 ndipo mambo yakatulia, ingawa Cooley mwenyewe hakutaka kabisa kushawishika. Mtu wa mbali mwenye nadharia yake akimfundisha aliyeuona mlima kwa macho: tutakutana naye tena mbele, safari hii akiwa amevaa suti ya seneta.

Sasa tarakimu. Ramani ya Wajerumani ya mwaka 1912 inaonyesha barafu ya Kilimanjaro ikiwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 1953 zilibaki chini ya 7. Mwaka 2000 zilikuwa kama 2.5. Vipimo vya mwaka 2011 vilitoa 1.76. Haya hakuna anayeyabishia, awe wa kushoto au wa kulia. Barafu inakwisha, na mzee yeyote wa Machame au Marangu angeweza kukwambia hivyo bila setilaiti.

Ubishi uko kwenye sababu, na hapa naomba mvumilie kidogo kwa sababu ndipo utamu wenyewe ulipo.

Mapema mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alipanda na timu yake, wakatoboa ile barafu na kutoa vipande virefu kama mirija. Kwa hesabu yake, barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka kama 11,700. Mwaka 2002 akaandika katika jarida la Science kwamba hali ya hewa ikiendelea kama ilivyo, barafu iliyobaki inaelekea kutoweka kati ya 2015 na 2020. Naomba mlishike lile neno "ikiendelea".

Upande mwingine yuko Georg Kaser wa Innsbruck, Austria, na wenzake. Hawa walifunga mitambo ya kupima hali ya hewa juu kabisa kileleni, wakapiga hesabu, wakaona jambo la ajabu kidogo. Kule juu, mita 5,800 na zaidi, wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Barafu haiyeyuki kirahisi kwenye baridi ya namna ile. Inakaushwa. Jua kali na hewa kavu vinaigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja bila kupitia kuwa maji, kama nyama iliyosahaulika kwenye friza inavyokauka na kupauka. Ndiyo maana kuta za barafu kule juu zimesimama wima kama zimekatwa kwa msumeno. Na kwa maelezo yao, safari hii ya kupungua ilianza miaka ya 1880, pale Afrika Mashariki ilipokuwa kavu zaidi ghafla: mvua ikapungua, mawingu yakapungua, theluji mpya ya kuziba pengo ikakosekana. Mwaka 1880 magari hayakuwepo.

Thompson naye hakukaa kimya. Akajibu kwamba barafu hiyohiyo ilivumilia ukame wa kama miaka 300 uliotokea miaka 4,200 hivi iliyopita, iweje ukame peke yake uimalize sasa? Na mwaka 2009 akaandika kwamba sehemu ya juu ya mirija yake inaonyesha dalili za barafu kuyeyuka na kuganda tena, dalili ambazo hakuziona kwingine kokote kwenye ule mrija. Kaser na wenzake nao wanakubali kwamba ukavu wenyewe unahusiana na mwenendo wa Bahari ya Hindi, na bahari nayo haiko nje ya dunia inayopata joto. Mnaona? Huu ni ubishi wa watu wazima. Kila mmoja anamlazimisha mwenzake alete kipimo, na jibu linazidi kuwa zuri kila baada ya miaka michache. Ubishi wa namna hii ndiyo kazi yenyewe ya sayansi.

Wanasiasa wakauchukua.

Mwaka 2001, wakati wa mazungumzo ya tabianchi ya Marrakech, wanaharakati wa Greenpeace walipanda Kilimanjaro na kuzungumza na waandishi kwa njia ya setilaiti. Mwaka 2003 Seneta John McCain aliingia na picha za mlima huu kwenye Seneti ya Marekani akitetea muswada wa kupunguza hewa ukaa. Muswada ulianguka, kura 43 dhidi ya 55. Halafu ikaja filamu ya Al Gore, An Inconvenient Truth, mwaka 2006, na ndani yake picha za Kilimanjaro ya zamani na Kilimanjaro ya sasa, na maneno kwamba ndani ya muongo mmoja theluji itakuwa imekwisha. Lile "ikiendelea" la Thompson halikupata tiketi ya kuingia sinema. Na jina la Kaser halikutajwa kabisa.

Msinielewe vibaya, filamu ile ilifanya kazi kubwa. Watu ambao hawakuwahi kusikia neno hewa ukaa walitoka ukumbini wakiwa na wasiwasi uliostahili. Lakini angalieni kilichotokea. Dereva mmoja wa lori, mjumbe wa bodi ya shule huko Kent, Uingereza, alikwenda mahakamani kupinga filamu hiyo kuonyeshwa mashuleni. Tarehe 10 Oktoba 2007 Jaji Burton akatoa hukumu: kwa sehemu kubwa sayansi ya filamu ni sahihi, ionyeshwe, ila walimu wapewe maelezo ya ziada, kwa kuwa kuna mambo tisa ambayo yanakwenda mbali kuliko wanasayansi wanavyokubaliana. Moja ya hayo tisa ni theluji ya Kilimanjaro. Siku mbili baadaye, tarehe 12, Al Gore na jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, IPCC, wakatangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani. Basi kila upande ukapata gazeti lake la kutundika ukutani. Wa huku walishangilia Nobel, wa kule walishangilia hukumu, na walioisoma hukumu yenyewe mpaka mwisho nadhani wangeenea kwenye daladala moja.

Ukidhani upande wa pili ulikuwa na heshima zaidi kwa Kaser, sahau. Walimchukua nusu. Wakasema: mnaona, mwanasayansi wa barafu anasema Kilimanjaro si joto, kwa hiyo habari yote ya joto ni hadithi. Riwaya ya Michael Crichton, State of Fear, ya mwaka 2004, ilimtia Kilimanjaro kwenye mabishano ya wahusika wake, na mwaka uliofuata Seneta James Inhofe, yule aliyeita suala zima utapeli, akamwita mwandishi huyo wa riwaya kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti. Mtunzi wa hadithi, kamati ya Bunge, na mada ni sayansi! Mzee Cooley angejisikia nyumbani. Kaser mwenyewe, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa ripoti ya IPCC ya 2007, alikuwa amesema wazi, yeye na Philip Mote, katika makala yao ya mwaka huohuo: barafu nyingi duniani zinakwisha kwa sababu ya joto, ila Kilimanjaro ni mfano mbaya wa kulionyesha hilo. Sentensi moja yenye pande mbili, na kila kambi ikaondoka na upande wake.

Kuna kisa kingine cha huyuhuyu Kaser ambacho kingepaswa kufundishwa kwenye vyuo vya uandishi wa habari. Ripoti ile ya IPCC ya 2007 iliandika kwamba barafu za Himalaya zingeweza kutoweka ifikapo 2035. Kaser aliiona sentensi hiyo kabla haijachapwa akaonya kwamba haiwezekani, barafu nene namna ile haiondoki kwa kasi hiyo. Haikurekebishwa. Ilipokuja kufuatiliwa, chanzo chake kilikuwa ripoti ya shirika la mazingira la WWF ya mwaka 2005, iliyotegemea habari ya jarida la New Scientist ya 1999, iliyotokana na mahojiano na mwanasayansi mmoja wa India. Mahojiano, jamani! Kauli ya mtu kwa mwandishi ikapanda ngazi mpaka ikakaa kwenye ripoti ambayo serikali za dunia zinaitumia. Serikali ya India ilipotoa ripoti yake mwaka 2009 ikipinga, mwenyekiti wa IPCC, Rajendra Pachauri, akaiita sayansi ya kichawi. Januari 2010 IPCC ikalazimika kutoa tamko la kusikitika. Ukurasa mmoja kati ya mamia, lakini waliokuwa wakisubiri kosa walipata chakula cha mwaka mzima.

Hapo mtu ataniuliza: kwa hiyo wote sawa? Hapana, na simpendi mwandishi anayemaliza kila ubishi kwa kugawa lawama nusu kwa nusu kama mirathi. Al Gore alitia chumvi kwenye hoja ya kweli. Upande wa pili ulifanya jambo la aina nyingine. Mwaka 2005 gazeti la New York Times lilifichua kwamba Philip Cooney, ofisa wa Ikulu ya Marekani na mwanasheria ambaye kabla ya hapo alifanya kazi kwenye umoja wa makampuni ya mafuta, alikuwa akikaa na ripoti za wanasayansi wa serikali na kuzirekebisha kwa kalamu ili zionekane zina mashaka zaidi. Akajiuzulu, na muda mfupi baadaye akaajiriwa na ExxonMobil. Na Januari 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanasayansi wa Exxon wenyewe, tangu miaka ya 1970 na 1980, walikuwa wamekadiria ongezeko la joto kwa usahihi wa kutisha, huku hadharani kampuni ikizungumzia mashaka. Mtu aliyetia chumvi na mtu aliyemwaga sufuria hawawezi kushtakiwa kwa kosa moja. Ila chumvi ya yule wa kwanza ndiyo iliyompa huyu wa pili nafasi ya kusema chakula chote hakifai.

Gharama tunaiona. Mwaka 2020 umepita, barafu bado ipo, nyembamba na yenye matundu lakini ipo. Kila mwaka kuna mtu mtandaoni anapandisha picha ya Kibo yenye theluji mpya na kucheka: si mlisema itakwisha? Utafiti wa 2013 ulikadiria kwamba nyingi itaondoka ifikapo 2040 na ni vigumu kubaki chochote baada ya 2060, na UNESCO mwaka 2022 ikataja 2050. Utabiri huu mpya una uzito, lakini nani atausikiliza vizuri baada ya ule wa kwanza kuuzwa bila lile neno "ikiendelea"?

Lakini gharama inayoniuma zaidi iko chini ya mlima. Katika kelele zote hizi watu wengi, hata sisi huku, tumeishi tukiamini kwamba maji ya Moshi, ya mifongo ya Wachagga, ya mto Pangani mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatoka kwenye ile barafu. Habari za magazetini zimesema hivyo mara nyingi mno. Hebu fikirieni: kilomita za mraba chini ya mbili za barafu, nyingi yake ikigeuka mvuke na kupotea hewani, zitanywesha watu wangapi? Kileleni kule hata mvua ni ya kuhesabu. Mvua iko msituni, upande wa kusini, ambako kwenye mita 2,000 na kitu inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Juu zaidi miti na vichaka vinakamata ukungu na kuudondosha chini kama maji. Msitu ndio tangi letu.

Na msitu unaungua. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeufanyia kazi mlima huu kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba moto katika misitu ya juu una madhara makubwa kwa maji kuliko kupotea kwa barafu. Hali ya ukavu inafanya moto upande na kula zaidi, msitu wa juu unashuka, uwezo wa kukamata ukungu unapungua. Hapo mabadiliko ya tabianchi yapo, tena yanauma, ila hayapendezi kwenye picha. Oktoba 2020 moto uliunguza eneo la karibu kilomita za mraba 95 za hifadhi, na Oktoba 2022 ukarudi. Linganisheni 95 na 1.76. Sikumwona seneta yeyote na picha ya vichaka vilivyoungua.

Na tusijidanganye kwamba ugonjwa huu ni wa Washington. Sisi tuna wa kwetu, na ulikula watu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993, na bwawa la Mtera likawa habari ya kila mgawo wa umeme. Nani kaumaliza mto? Jibu rasmi lilikuwa tayari: wafugaji na ng'ombe wao katika bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu. Mwaka 2006 na 2007 wakaondolewa kwa nguvu pamoja na mifugo yao, wengi wakaswagwa kuelekea Rufiji na Lindi. Mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha. Yote kwa lugha ya kuhifadhi mazingira na vyanzo vya maji.

Ila watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa nje, walikuwa wameshapima maji ya bonde hilo kabla ya operesheni. Walichokiona ni kwamba maji ya kiangazi yalikuwa yakichukuliwa zaidi na mifereji ya umwagiliaji wa mpunga, ikiwemo ya mashamba makubwa yaliyojengwa na serikali yenyewe. Na Mtera? Bwawa hujazwa na mafuriko ya masika, si na kijito cha mwezi wa kumi, kwa hiyo upungufu wa umeme wa miaka ya 1990 ulihusu zaidi namna mabwawa yalivyoendeshwa. Ripoti zilikuwepo, kwa tarakimu na michoro. Lakini mchungaji wa ng'ombe anasukumika kwa urahisi kuliko skimu ya mpunga yenye wafadhili, na sayansi iliyotakiwa ilikuwa ile inayokubaliana na lori lililokwishawashwa.

Nasi waandishi tumo. Habari ya barafu inaandikwa mezani kwa saa moja, picha ipo tayari, mhariri anafurahi. Habari ya mfongo uliokauka inataka nauli, siku tatu na mzee mwenye funguo za zamu ya maji. Nimeshaona chumba cha habari kikitupa kando habari ya moto wa msituni kwa sababu hakukuwa na mtalii aliyekufa. Halafu kiangazi kikija, kiongozi anasimama jukwaani anasema mabomba hayana maji kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, tunaandika alivyosema, nukta. Hatuulizi bomba limepasuka lini, chanzo kinapimwa na nani, na kipimo cha mwaka jana kilikuwa ngapi.

Nyinyi mliotoka Kibosho, Rombo, Machame na Old Moshi, hebu niambieni: mfongo wa kwenu mwezi wa tisa unafika bado kwenye kihamba cha mwisho? Na kama haufiki, uliacha kufika mwaka gani, na wazee wanasema ni kwa nini?